Katani, manila au nailoni: kamba ipi kwa kazi ipi

Kamba ya bendera shuleni kwetu ilikatika asubuhi ya Jumatatu, bendera ikiwa katikati ya mlingoti na wanafunzi wamesimama wima. Haikukatwa na mtu wala kutafunwa na panya. Nilipoiokota ilinivunjikia mkononi na kuniachia unga wa bluu vidoleni. Haikuwa imemaliza hata miaka miwili. Niliyeinunua ni mimi, na muuza duka aliniambia, "Chukua hii nailoni, Mwalimu, hii haiozi." Kuhusu kuoza alisema kweli. Kuhusu jina alikosea, kama wanavyokosea wengi: ile haikuwa nailoni.

Kamba ile imenifaa zaidi ilipokufa kuliko ilipokuwa hai. Wanafunzi wa Kidato cha Nne husoma sura ya polima kama orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kumbe sura hiyo ndiyo inayokwambia ununue kamba gani kwa ajili ya kisima, mbuzi, ngalawa au bendera. Nitazilinganisha hapa kamba tatu zinazopatikana karibu kila duka la vifaa, nikianza na molekuli zake, kwa sababu bila molekuli utabaki kuamini maneno ya muuzaji.

Zote ni kaboni

Wengi hugawa vitu mafungu mawili: vya asili upande huu, "kemikali" upande ule. Mgawanyo huo ulivunjika zamani. Neno ogania, lile la kemia ogania, lilitokana na imani kwamba vitu vya viumbe hai vina nguvu ya uhai isiyoweza kutengenezwa maabara. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alipasha moto chumvi iitwayo amoniamu sayaneti akapata urea, kitu kilichojulikana kutoka kwenye mkojo. Hakukuwa na figo wala mnyama, na urea ilikuwa ileile. Leo kemia ogania ni kemia ya kampaundi za kaboni, ziwe zimetoka shambani au kwenye mafuta ya petroli.

Kwa hiyo katani, manila ya dukani na nailoni ni ndugu. Zote ni polima, yaani molekuli ndefu mno zilizoungwa kwa vipande vidogo viitwavyo monoma, mamia na maelfu kwa mfuatano, kama shanga kwenye uzi. Hata wazo hili lilipata upinzani. Hermann Staudinger alipolitoa mwaka 1920, wakemia wakubwa wa wakati wake walimkatalia. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1953. Kinachozitenganisha kamba zetu tatu ni makundi ya atomu yaliyoshikamana na mnyororo wa kaboni. Hayo ndiyo yanayoamua kama kamba itapenda maji, itaogopa jua, itavutika au itayeyuka.

Katani: glukosi iliyosimama wima

Mkonge ni mmea. Singa ni nyuzi zinazobaki jani likishapita kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, na nyama yake kukwanguliwa. Katani ni jina tunalozipa nyuzi hizo na kamba zake. Sehemu kubwa ya singa ni selulosi, na selulosi ni glukosi juu ya glukosi.

Hapa huwa nasimama darasani na kuuliza: unga wa ugali nao ni wanga, na wanga ni glukosi juu ya glukosi. Mbona ugali tunakula na kamba hatuli? Jibu liko kwenye namna glukosi zilivyoshikana mikono. Katika wanga zote zimeelekea upande mmoja na mnyororo unajikunja kama chemchemi. Vimeng'enya vya tumboni mwetu vinaukata bila shida. Katika selulosi kila glukosi ya pili imegeuzwa juu chini. Mnyororo unanyooka wima, minyororo inalala ubavu kwa ubavu, na vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni pamoja (OH), vinashikana kutoka mnyororo mmoja hadi mwingine kwa vifungo vya haidrojeni. Kimoja ni dhaifu, lakini viko vingi kupita hesabu. Ndiyo sababu mti unasimama na kamba inavuta.

Vikundi hivyohivyo vya OH vinapenda maji. Katani hunywa maji, huvimba, huwa nzito, na inapokaa na unyevu bakteria na kuvu huja na vimeng'enya ambavyo sisi hatuna, wakaivunja selulosi kurudi kuwa sukari. Huko ndiko kuoza. Ukiiacha katani kisimani itakufa mapema, na utakuwa umeinunulia kifo chake. Kwa upande mwingine haiyeyuki: kwenye moto huungua kama karatasi, haidondoshi matone. Inashika fundo vizuri kwa sababu uso wake una mikwaruzo. Inavutika kidogo tu. Na ikichakaa, unaitupa shambani inakuwa mbolea.

Siwezi kuandika kuhusu katani nikiwa Tanga nikaishia kwenye vifungo vya haidrojeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyofuata reli kutoka Tanga kwenda Muheza, Hale na Korogwe, mashamba yaliyoita manamba, vibarua wa mkataba, kutoka pembe zote za nchi na ng'ambo ya mipaka. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000 za singa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 25,000. Zipo sababu kadhaa za anguko hilo, za bei na za uendeshaji, lakini kubwa mojawapo ni kwamba wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi na nafaka zao kwa kamba zetu, walihamia kwenye kamba ya plastiki. Sura ya polima unayoisoma kitabuni ilipita hapa kwetu, ikafunga korona na kuwarudisha watu makwao.

Manila ya dukani

Kamba za bluu, kijani au rangi ya chungwa, nyepesi, zenye kung'aa, madukani huitwa manila, na wengine huziita nailoni. Majina yote mawili si yake. Manila ya asili ilikuwa kamba ya nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino, na jina lilitokana na mji wa Manila ambako nyuzi hizo zilisafirishwa. Plastiki ilipochukua nafasi ya abaka ilichukua na jina. Kwa mkemia, kamba nyingi kati ya hizi ni polipropilini.

Monoma yake ni propilini, gesi inayopatikana wakati wa kusafisha na kupasua mafuta ya petroli: kaboni 3 na haidrojeni 6, na katikati ya kaboni mbili kuna kifungo maradufu. Kifungo hicho kikifunguka, kila molekuli inampa mkono jirani yake na mnyororo unakua bila kudondosha chochote. Kazi ngumu ilikuwa kuwapanga majirani. Zamani vikundi vya methili (CH3) vilitokea ovyo, kimoja kulia, kingine kushoto, na kilichopatikana ni kitu cha kunata kisichofaa kamba. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milano, akitumia vichocheo vya aina aliyoigundua Karl Ziegler, alipata minyororo yenye methili zote upande mmoja. Minyororo iliyopangika namna hiyo inalala pamoja na kuwa ngumu. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Itazame vizuri: kaboni na haidrojeni, basi. Hakuna oksijeni wala naitrojeni, hakuna pa kumshika maji mkono. Kwa hiyo hailowi kwa ndani, haiongezeki uzito na bakteria hawana pa kuanzia. Ni nyepesi kuliko maji, kiasi cha gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, nayo huelea. Bei yake ni nafuu na kwa unene uleule ina nguvu karibu mara mbili ya katani.

Adui yake ni jua, na sababu iko kwenye methili zilezile. Kila kaboni iliyobeba methili ina haidrojeni moja ambayo imeshikwa kwa ulegevu kuliko nyingine. Miale ya urujuanimno huanzisha radikali, vipande vyenye elektroni moja isiyo na mwenza, na vipande hivyo huing'oa haidrojeni hiyo. Kaboni iliyobaki na mkono mtupu hushika oksijeni ya hewani, na mwisho mnyororo hukatika hapo. Mkato mmoja huzaa radikali nyingine, nayo huendeleza kazi. Minyororo mirefu inageuka mifupi, kamba inageuka unga. Huo ndio unga niliobaki nao vidoleni siku ile. Viwanda bora huchanganya dawa za kuzuia jua, na rangi nyeusi ya masizi ya kaboni husaidia sana, hivyo kati ya manila mbili za bei moja chukua nyeusi. Ile ya bei ya chini kabisa kwa kawaida dawa hiyo ni kidogo au hakuna.

Jambo jingine ni msuguano. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, ambazo ni chache kwa plastiki ya kamba. Ikipita kwa kasi juu ya kapi lililokwama, uso wake hulainika na kuganda tena. Mafundo yake nayo huteleza. Funga fundo la ziada.

Nailoni ya kweli

Nailoni iliundwa tarehe 28 Februari 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, chini ya Wallace Carothers. Alichukua molekuli mbili. Moja ina kundi la amini (NH2) kila ncha, nyingine ina kundi la asidi ya kaboksili (COOH) kila ncha, na kila moja ina kaboni 6. Ndiyo maana nailoni hiyo huitwa 6,6. Amini na asidi zikikutana zinashikana na kutoa molekuli ya maji. Hapa ndipo mtihani unapopenda kukuuliza tofauti: polipropilini hukua kwa kujiunga tu, nailoni hukua kwa kujiunga na kutoa maji. Carothers alifariki mwaka 1937, kabla bidhaa ya kwanza, nywele za mswaki, haijaingia sokoni mwaka 1938. Kisha zikaja soksi za wanawake, na vita ilipopamba moto, miavuli ya askari wa angani.

Kiungo kinachobaki, amaidi (CO-NH), ndicho roho ya nailoni. Kinashika jirani yake kwa kifungo cha haidrojeni, ndipo nguvu inapotoka: kamba mpya ya milimita 12 hukatikia karibu na tani 3, wakati ya polipropilini ni karibu tani 2 na ya katani karibu tani 1. Usizichukue namba hizi kama ruhusa ya kuning'iniza tani nzima. Kazi ya kila siku isizidi sehemu moja ya kumi. Kiungo hichohicho hukaribisha maji kidogo, na nailoni iliyolowa hupungua nguvu kwa asilimia 10 hadi 15 mpaka ikauke.

Tabia yake kubwa ni kuvutika. Inaweza kurefuka kwa robo ya urefu wake au zaidi kabla ya kukatika, halafu ikaurudisha urefu huo kwa nguvu. Kwenye amari ya nanga hiyo ni neema: wimbi linapoinua ngalawa, kamba inalipokea taratibu. Mahali pengine ni hatari. Tarehe 25 Oktoba 1997, jijini Taipei, watu wapatao 1,600 walivuta kamba ya nailoni katika sherehe. Mvuto ulizidi uwezo wa kamba, ikakatika, na nguvu iliyokuwa imelala ndani yake ikarudi kama upinde ulioachiwa. Wanaume wawili walikatika mkono. Kila mwanafunzi ninayemfundisha nampa habari hii, na sitaacha.

Ipo ya nne nitakayoitaja upesi kwa sababu maduka machache huiweka: poliesta, iliyoundwa Uingereza mwaka 1941 na John Whinfield na James Dickson. Unaijua tayari, kwa kuwa ndiyo plastiki ya chupa za maji na ndiyo iliyomo kwenye shati la tetroni. Haivutiki kama nailoni, hainywi maji, na kwa jua inaizidi manila mbali sana.

Sasa chagua

Kamba ya bendera hukaa juani mwaka mzima na kazi yake ni nyepesi. Tafuta poliesta. Ukiikosa, nailoni. Katani itaoza masika ya pili, na manila umeona ilivyonitenda.

Kisima ni kinyume chake: maji mengi, jua kidogo. Hapo manila ndiyo bingwa, kwa sharti moja, kwamba ikitoka kisimani isiachwe imetandazwa juani. Iweke kivulini na ndoo yake. Ikianza kutoa manyoya ibadilishe mara moja, kwani manyoya hayo ni vipande vya plastiki vinavyoingia kwenye maji mnayokunywa. Nailoni ingefanya kazi hiyo pia, ila unalipa zaidi kwa nguvu usiyoihitaji, na ndoo inayocheza juu chini humchosha mvutaji.

Mchezo wa kuvuta kamba: katani nene, au abaka ukiipata, na hapa sina mjadala. Ikikatika inaanguka chini karibu na ilipokatikia. Hakuna anayeruhusiwa kuizungusha mkononi au kiunoni, hata akiwa nahodha wa bweni.

Kwa mbuzi na ng'ombe nasema katani pia, ingawa inachakaa. Mnyama hutafuna kamba yake. Akimeza singa, ana bakteria tumboni wanaovunja selulosi. Ndivyo anavyoishi kwa majani. Akimeza nyuzi za manila, hakuna bakteria wa kuvunja mnyororo ule, nazo hujikusanya tumboni kama bonge. Aliyewahi kumpasua ng'ombe aliyekula plastiki hahitaji maelezo. Kwa sababu hiyohiyo nyanya na maharage ya kutambaa yafunge kwa katani. Mavuno yakiisha unang'oa mmea na kamba yake, vyote vinaingia kwenye shimo la mboji.

Baharini chagua kwa kuuliza kama unataka kamba izame au ielee. Amari iwe nailoni: inazama na inapokea mshtuko. Kamba ya juu ya wavu, yenye maboya, iwe manila. Ukiifanya manila kuwa amari, italegea na kuelea juu, na mashine ya boti ya jirani itaikata. Wazee wa pwani walikuwa na jibu lao kabla ya yote haya: usumba, nyuzi za makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni miezi kadhaa, yakapondwa na kusokotwa. Mitepe, vyombo vya kale vya pwani, ilishonwa kwa kamba hizo bila msumari. Usumba una lignini nyingi kuliko katani, na lignini ndiyo ngao ya mmea dhidi ya vinavyokula selulosi, hivyo huyavumilia maji ya chumvi. Hakuna aliyewafundisha neno lignini, lakini walichagua sawasawa. Kwa nyavu za plastiki kuna deni ambalo usumba haukuwa nalo: wavu wa nailoni ukipotea huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala.

Usiulize jina, pima

Muuzaji akikwambia ni nailoni, omba kipande cha sentimita tatu. Kifumue, kiloweshe kwa maji ya sabuni ili viputo vya hewa vitoke, kisha kizamishe kwenye bakuli na ukiachie. Kikipanda juu, ni polipropilini au ndugu yake polithini, hata kama karatasi imeandikwa nailoni. Nailoni na poliesta huzama. Katani huelea kwanza, ikishalowa huzama nayo.

Kipimo cha moto kifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa koleo, mwalimu akiwepo. Tone la plastiki inayoyeyuka hushika ngozi na halitoki. Katani hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi. Polipropilini hutoa harufu ya mshumaa, na si ajabu, kwa kuwa mshumaa nao ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, mifupi tu. Nailoni huyeyuka na kujikunja kuwa shanga ngumu. Poliesta hutoa moshi mweusi. Ukishapima, usiendelee kuchoma rundo lililobaki: kamba ya plastiki iliyochakaa peleka kwa wanaokusanya plastiki, usiigeuze kuwa moshi wa jikoni.

Bendera yetu sasa inapanda kwa poliesta nyeupe. Ile manila ya bluu niliiweka kwenye chupa ya kioo kabatini maabara, na kila tunapofika sura ya polima naipitisha dawati hadi dawati. Kila mwanafunzi anavunja kipande kimoja kwa vidole viwili, halafu tunaanza kuandika mnyororo ubaoni na kutafuta ile haidrojeni iliyolegea.